Spika ya nati nne: bai-waya ina faida au ni kuuziwa waya tu? Tupeane uzoefu

Nati_Nne (mwenye uzi)

Wakuu, spika za mtumba zenye nati nne za kufungia waya mgongoni zimejaa sokoni, na wauza waya hawachoki kusema ukipeleka waya mmoja kwenye woofa (spika kubwa ya besi) na mwingine kwenye twita (spika ndogo ya sauti za juu), sauti "inafunguka". Humu tusimuliane vipimo, hatua na yanayoharibika. "Masikio yangu yamesikia" tuyaache nje.

Msingi wenyewe ni huu. Krosova, yaani saketi inayogawa sauti kati ya woofa na twita ndani ya boksi, imegawanywa mara mbili, upande wa besi na upande wa juu. Nati zinaunganishwa na vibati viwili, chanya kwa chanya, hasi kwa hasi. Ukivitoa vibati ukavuta nyaya mbili kutoka amplifaya ile ile, umefunga bai-waya. Ila nyaya zote mbili zinakutana kwenye nati moja ya amplifaya. Hujatenganisha umeme, umehamisha makutano mita tano nyuma.

koili_ya_hewa

Tupige hesabu. Waya wa shaba wa 2.5 (milimita za mraba) una ukinzani wa omu 0.007 hivi kwa mita. Spika ikiwa mita 5 mbali, umeme unakwenda na kurudi, kwa hiyo ni mita 10, yaani omu 0.07. Spika iliyoandikwa omu 8 hushuka hadi karibu 4 kwenye baadhi ya masafa. Hata hapo unapoteza desibeli 0.15 tu. Wakati huo huo koili ya krosova inayolisha woofa ina omu 0.2 hadi 0.5, na koili ya woofa yenyewe ina 6 hivi. Hizo huzigusi hata ukifunga nyaya kumi.

Kuna hoja moja ya wauza waya isiyo uongo mtupu: mkondo wa besi ukipita kwenye waya wa pamoja unashusha volti, na twita inauona mshuko huo. Sawa. Ampea 4 mara 0.07 ni volti 0.28. Lakini mshuko huo ni wa masafa ya besi, na krosova ya twita inauzuia kama inavyozuia besi nyingine zote. Kinachoweza kupenya ni chembe ya upotoshaji unaozalishwa na woofa, tena ikiwa imeshapunguzwa na udogo wa ule ukinzani.

Fundi_Pwani

Mkuu hapo juu kamaliza nadharia, mimi niingie kwenye vibati. Siri ya "kufunguka" iko hapo. Vibati vingi ni bati lililopakwa rangi ya dhahabu. Huku pwani chumvi ya hewani inaingia chini ya rangi, nati inalegea, na twita inapata umeme kwa kubahatisha. Anayefunga bai-waya anafanya nini? Analegeza nati zote nne, anachuna waya mpya, anakaza upya. Amesafisha maungio bila kujua, halafu sifa anaupa waya wa pili.

Kwa hiyo kabla ya kununua chochote: zima amplifaya, toa vibati, futa nati na pete zake (washa) kwa kitambaa chenye spiriti. Kata vipande vinne vya waya wa 2.5, sentimita 12 kila kimoja, viwili kwa kila spika. Chuna sentimita moja kila ncha, sokota nyuzi, hakikisha hakuna uzi mmoja unaochungulia nje kugusa nati jirani. Hizo ndizo jampa zako. Kaza kwa vidole. Usitumie koleo: nati ikizunguka na shina lake, waya wa ndani unakatika pale ulipochomelewa kwa risasi, na hapo utafungua boksi zima.

Na ukinunua waya, kwangua uzi mmoja kwa wembe. Ukiona weupe ndani, hiyo ni alumini iliyovikwa shaba. Ukinzani wake ni kama mara moja na nusu wa shaba, hivyo "4" yake ni sawa na 2.5 ya kweli. Waya wa umeme wa nyumba wa 2.5, shaba halisi, unafaa kabisa.

Dada_Krosova

Niongeze yanayounguza.

Bai-waya na bai-ampu si kitu kimoja. Risiva (amplifaya ya chaneli nyingi) ukiiweka kwenye bai-ampu, chaneli mbili zinalisha spika moja. Ukisahau vibati mahali pake, umeunganisha njia za kutolea umeme za chaneli mbili pamoja. Ukigeuza na chanya kwa hasi, ni shoti, na kama ulinzi wa risiva ni dhaifu, transista zinakwenda.

Ukigeuza chanya na hasi kwenye jozi moja tu ya bai-waya, hakuna kinachoungua, ila unapata shimo pale woofa na twita zinapokutana, mara nyingi kilohezi 2 hadi 3. Sauti za waimbaji zinakuwa kama zimeingia nyuma ya pazia. Wengi huliita shimo hilo "ulaini".

Usigawe nyaya kwenye nati za A na B za amplifaya (seti mbili za spika) pia. Amplifaya kadhaa, ukiwasha A+B, huziweka seti mbili kwa mfululizo, kwa hiyo woofa na twita zinapokezana umeme na sauti inakonda. Nyaya zote mbili ziingize A.

Nati_Nne

Mbona Vandersteen wa Marekani wanasisitiza bai-waya?

koili_ya_hewa

Na Dynaudio wa Denmaki wamezoea kuweka jozi moja tu ya nati. Kampuni hazikubaliani, basi pima. Msaidizi abadilishe nyaya huku huoni, kiti kisisogee, kichwa kisisogee (sentimita chache tu zinabadilisha twita), na volti kwenye nati za spika zilingane ndani ya desibeli 0.1 kwa toni ya hezi 1000. Mizunguko 16, kila mara utaje ni waya mmoja au bai-waya. Ukipatia 12 au zaidi, tuzungumze. Ukipatia 9, umebahatisha.

Nati nne zina kazi nyingine nzuri: twita ikinyamaza, unatoa vibati na kupima kila upande kwa mita ya umeme bila kufungua boksi.

Mgeni_Sauti

Waya wangu ni mmoja. Niufunge nati za juu au za chini?

Fundi_Pwani

Za chini. Mkondo mkubwa ni wa woofa, jampa ibaki na mzigo mdogo wa twita.