Nitamjuaje mzalishaji wa mbwa wa kuaminika kabla sijatoa pesa?

Mkazi_Kimara:
Wakuu, habari za leo. Natafuta German Shepherd jike, wa kulinda nyumba na kukaa na watoto. Nipo Dar, muuzaji yupo Arusha. Anasema ana watoto saba wa wiki nane, "chanjo zote wamemaliza", na atamtuma kwa basi nikishalipa nusu kwa simu. Picha nzuri mno, ila mama yao kila nikimuulizia naambiwa yuko shamba. Nikague nini ili nijue ni mtu wa kweli?

BandaSafi:
Mkuu, usitume hata shilingi kwanza. Hiyo kauli ya chanjo peke yake inamwangusha. Mtoto wa wiki nane hawezi kuwa amemaliza. Chanjo ya parvo (virusi vya kuhara damu), distempa na homa ya ini huanza wiki ya 6 hadi 8, hurudiwa kila baada ya wiki 3 au 4 mpaka afikishe wiki 16. Ya kichaa cha mbwa huchomwa akifika miezi mitatu. Hurudiwa kwa sababu kinga aliyoipata kwa maziwa ya mama huizuia chanjo isifanye kazi, na kila mtoto kinga hiyo humwisha siku yake.

Mwambie akutumie picha ya kadi, kurasa za ndani. Kila chanjo iwe na stika iliyobanduliwa kwenye kichupa, yenye jina, namba ya toleo na tarehe ya kuisha muda. Pembeni pawe na tarehe ya kuchomwa, sahihi na muhuri wa daktari wa mifugo. Kisha mpigie daktari huyo kwa namba uliyoitafuta mwenyewe, siyo aliyokupa muuzaji. Wapo wanaonunua chanjo dukani na kuchoma wenyewe. Chanjo hizi hutunzwa kwenye nyuzi 2 hadi 8, kwa hiyo kichupa kilichopigwa jua kwenye bodaboda hakimkingi mbwa na chochote.

Dada_Tengeru:
Nikazie hapo kwa mama. Asipoonekana, mara nyingi unaongea na dalali aliyekusanya watoto huku na kule. Kama huwezi kusafiri, tuma ndugu aende mpaka bandani. Jike aliyenyonyesha watoto saba hafichiki: wiki ya nane chuchu bado zimelegea na manyoya ya tumboni yamepungua. Ukionyeshwa mwenye chuchu ndogo zilizobana tumboni, huyo siye aliyezaa. Mtazame na tabia, kwa sababu woga wa kujikunyata kila mgeni akiingia unarithiwa. Uliza pia alizaa lini mara ya mwisho. Jike hupata joto kama kila miezi sita, na anayezalishwa kila joto hudhoofika yeye na watoto wake.

Umri usiupokee kwa maneno, mfungue mtoto mdomo. Wiki ya nane meno ya utoto, yote 28, kwa kawaida yameshatoka. Magego yakiwa ndiyo kwanza yanachungulia kwenye fizi, huyo ana wiki tano au sita, ametolewa kwa mama mapema ili muuzaji aokoe chakula. Bonyeza fizi kwa kidole: iwe ya waridi, na rangi irudi ndani ya sekunde mbili. Fizi nyeupe ni dalili ya upungufu wa damu, mara nyingi kwa minyoo, kupe au viroboto. Inua na mkia uone kama kuna kinyesi kilichokaukia.

Mkazi_Kimara:
Asanteni sana. Anasema pia ana karatasi za East Africa Kennel Club. Hizo zinatosha?

BandaSafi:
Hazitoshi. Zinaonyesha ukoo, hazionyeshi afya. Chukua namba za usajili za baba na mama, uulize chama chenyewe, kiko Nairobi. Kama kadi imeandikwa chipu, yaani kidude cha utambulisho kinachowekwa chini ya ngozi ya mbwa, kliniki isome: namba ya tarakimu 15 ilingane na karatasi.

Kwa German Shepherd, uliza nyonga za wazazi. Eksirei ipigwe mzazi akiwa ametimiza angalau mwaka mmoja. Kwa madaraja ya FCI (shirikisho la kimataifa la vyama vya mbwa), A na B ni nzuri, D na E hafai kuzalisha. "Anatembea vizuri" siyo jibu, maana kasoro ya nyonga huweza kukaa miaka bila kuonekana.

Malipo yafanyike mtoto akiwa mkononi, na mwandikiane: daktari wako amkague ndani ya saa 48, na akiugua parvo ndani ya siku 14 pesa irudi. Siku hizo zina sababu. Ugonjwa huo hujificha siku kadhaa, mtoto akicheza kama kawaida, ndipo aanze kutapika na kuhara damu. Muuzaji akigoma kusaini, achana naye.

Dada_Tengeru:
Na kwako je, kuna mbwa aliyekufa kwa kuhara damu mwaka huu? Virusi vya parvo hukaa kwenye udongo hata mwaka mzima. Sakafu ya saruji ioshe kwa sabuni kwanza, kisha jiki sehemu moja kwa maji sehemu 30, iache dakika kumi. Uwanja wa udongo hausafishiki hivyo. Mfungie sehemu ya saruji mpaka wiki mbili baada ya chanjo ya mwisho.