Kupiga picha za wadudu kwa karibu: lenzi ya klipu, mirija, au kugeuza lenzi?

Nyuki_wa_Kasarani
Wadau, hamjambo. Mvua imeanza na ua letu limejaa wadudu. Nina simu ya kawaida na Canon ya zamani niliyoachiwa na kaka, pamoja na lenzi yake ya 50mm. Ninayemtaka hasa ni yule buibui mdogo anayeruka, hazidi punje ya mchele. Ninunue nini kwanza: lenzi ya klipu ya simu, mirija ya kurefusha lenzi (inakaa kati ya kamera na lenzi), au pete ya kuigeuza lenzi nyuma mbele?

Babu_Karura
Klipu. Bei ni ndogo na unaanza leo. Shida yake ni kwamba lazima usogee mpaka sentimita tatu hivi, na pembeni mwa picha panakuwa na ukungu. Kipepeo hakusubiri umbali huo. Buibui huyo lakini ni rafiki, ukisogea polepole anageuka kukutazama. Nenda asubuhi kabla jua halijapasha majani, wadudu bado wana baridi na umande, hawana mbio.

Dada_Umande
Babu, shikamoo, lakini hapa sikubaliani nawe. Mwenye 50mm tayari anunue mirija. Seti ya bei nafuu huwa na vipande vya 7, 14 na 28mm. Ukiunga vyote unapata 49mm, karibu sawa na lenzi yenyewe, kwa hiyo mdudu anaingia kwenye sensa, kile kipande cha kamera kinachopokea picha, kwa ukubwa wake halisi. Ndani hakuna kioo cha kuharibu picha, ni hewa tu.

Gharama yake ni mwanga: kwa ukubwa huo unabaki kama robo. Tena mirija hiyo rahisi haina nyaya za kuunganisha lenzi na kamera, kwa hiyo kamera haiwezi kubana tundu la lenzi linalopitisha mwanga. Fanya hivi: kabla ya kufunga mirija, weka f/11, yaani tundu dogo, bonyeza kile kitufe kidogo kwenye kamera, kando ya lenzi, cha kuonjesha kina (sehemu ya picha itakayokuwa kali), usikiachie, kisha chomoa lenzi. Tundu litabaki limebanwa.

Fundi_Mwanga
Kugeuza lenzi ndiyo rahisi kuliko mirija, pete moja tu. Nilipiga hivyo mwaka mzima na picha zilikuwa kali. Ila kioo cha nyuma ndicho kinachotazama nje. Changu kilikwaruzwa na mwiba wa mchongoma na lenzi ikaisha hapo. Sikushauri.

Chochote utakachochagua, tatizo litakuwa mwanga na kutikisika. Nimekata dumu jeupe la maziwa nikalifunga mbele ya flashi, vivuli vikalainika na mng'ao mgongoni mwa mbawakavu ukapungua. Fokasi usiitafute kwa kuzungusha lenzi, yumbisha mwili mbele na nyuma kidogo. Na kijiti alichokaa mdudu kishike kwa mkono wa kushoto, kisha egemeza lenzi juu ya mkono huohuo. Upepo ukipuliza, vyote vinacheza pamoja.

Babu_Karura
Marahaba, Dada. Hilo la kitufe sikulijua. Nyuki, buibui wako mtafute kwenye ukuta unaopigwa na jua mnamo saa tatu.

Nyuki_wa_Kasarani
Asanteni sana. Mirija nitanunua mwisho wa mwezi. Klipu nimeipata jana barabara ya Luthuli, Nairobi, na leo asubuhi nimemkuta kwenye fremu ya dirisha la jikoni, kashika nzi mkubwa kuliko yeye. Picha kumi na nane zimeharibika. Katika ya kumi na tisa macho yote manne ya mbele yanaonekana, na kwenye yale mawili makubwa naona dirisha letu.