Ombi la ushauri: binti yangu atajifungua Ottawa mwezi wa Februari, nami sijawahi kukanyaga theluji

Mwalimu Mstaafu (Tororo)

Ndugu zangu, salaam. Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, nina umri wa miaka 61, na safari ndefu kuliko zote nilizowahi kufanya ni ile ya basi kutoka Tororo hadi Dar es Salaam. Binti yangu anaishi Ottawa, nchini Kanada, na anatarajia kujifungua mtoto wake wa kwanza katika juma la kwanza la Februari. Viza ya Kanada nimekwisha kuipata. Mkwe wangu, ambaye ni mtu mwema ila anapenda mno kubana matumizi, amenikatia tiketi mbili zisizohusiana: ya kwanza ni ya Entebbe hadi Brussels, na ya pili, ya shirika jingine, ni ya Brussels hadi Montreal, na katikati yake pana saa tatu tu. Nitatua Montreal jioni ya tarehe 1 Februari, kisha atanichukua kwa gari usiku huohuo hadi Ottawa, umbali wa kilomita zipatazo 200.

Kinachoninyima usingizi ni yaliyompata jirani yangu mwaka jana. Alikwama siku mbili katika uwanja mmoja wa Ulaya kwa sababu ya theluji, akalala juu ya viti, na begi lake lililokuwa na koti likafika siku sita baada yake. Alipokelewa na wanawe akiwa amevaa gomesi na ndala, kipimajoto kikisoma nyuzi 17 chini ya sifuri. Sasa nauliza: nchi ambayo theluji huiangukia kila mwaka inawezaje kusimamishwa na theluji hiyohiyo, kana kwamba ni mgeni asiyetarajiwa? Je, tiketi zangu zimekaa sawa? Na iwapo uchungu utamshika binti yangu siku ya dhoruba, atafikaje hospitali? Kaka yangu ananishauri ningoje Aprili, nami sijui nimjibu nini.

Wakala wa Tiketi (Kampala)

Mwalimu, nitaanza na tiketi, kwa kuwa hapo ndipo penye hatari kubwa kuliko theluji yenyewe. Tiketi zikiwa mbili zisizounganishwa, shirika la pili halina wajibu wowote kwako endapo ndege ya kwanza itachelewa. Kwao wewe ni abiria ambaye hakutokea, na nauli yako imekwenda na maji. Tena mizigo yako haitapitishwa moja kwa moja hadi Montreal. Itakubidi uichukue Brussels na kuikabidhi upya, na ili uifikie lazima upite uhamiaji na kuingia Ubelgiji, jambo ambalo haliwezekani bila viza ya Schengen, yaani ile ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya. Viza ya Kanada haikufungulii mlango huo. Mwambie mkwe wako azirudishe tiketi hizo hata kama atakatwa kiasi fulani, akanunue tiketi moja inayobeba safari nzima, na nafasi ya kuunganisha ndege isipungue saa tano.

Kuhusu haki zako: ndege yoyote inayoondoka katika uwanja wa Umoja wa Ulaya iko chini ya Kanuni namba 261 ya mwaka 2004. Ikifutwa kwa sababu ya dhoruba, shirika halilazimiki kukulipa fidia ya fedha, kwa kuwa hali ya hewa haiko mikononi mwake, lakini linalazimika kukupa chakula, malazi na nafasi katika ndege nyingine. Watu wengi hawalijui hilo na hununua chakula kwa fedha zao bila hata kutunza risiti. Ugumu ni kwamba hoteli nyingi ziko nje ya eneo la abiria wanaopita, na asiye na viza ya Schengen hutazama wenzake wakipanda basi la hoteli huku yeye akirudi kwenye kiti. Nadhani ndiyo yaliyomkuta jirani yako. Kwa sheria za Kanada nako, shirika kubwa likishindwa kukupatia nafasi nyingine ndani ya saa 48 una haki ya kurudishiwa nauli, ingawa wewe utahitaji kufika kuliko kurudishiwa fedha.

Dereva wa Masafa Marefu (Winnipeg)

Shikamoo Mwalimu. Kabla ya kuja huku Kanada niliendesha lori kati ya Mombasa, Malaba na Kampala kwa miaka tisa, na huu ni msimu wangu wa sita wa theluji. Swali lako la kwanza ni zuri, na wenyeji wenyewe huliuliza kila Desemba huku wakilaani.

Theluji inayoanguka taratibu haisimamishi kitu. Magari ya kuikwangua hupita usiku, chumvi humwagwa, na asubuhi watu huenda kazini. Shida huanza pale mambo mawili yanapokutana. Kwanza ni upepo: barabara iliyosafishwa saa moja hufunikwa tena saa mbili, na mbele ya kioo huoni hata taa za gari unalolifuata. Pili ni baridi inayozidi uwezo wa chumvi. Chumvi ya mawe, mfano wa ile ya Ziwa Katwe, huyeyusha barafu vizuri hadi kama nyuzi 9 chini ya sifuri. Ikishuka zaidi ya hapo inabaki imelala barabarani kama changarawe, kwa hiyo huku kwetu hutumia pia mchanga. Polisi wanapoona hatari imezidi hufunga barabara kuu yote. Msimu uliopita nilikaa saa 19 katika kituo cha mafuta pamoja na madereva zaidi ya arobaini, tukigawana mikate ya mwisho, na hakuna aliyelalamika kwa sababu sote tulijua kilichoko nje.

Ndege nazo zina mkasa wao. Mabawa yakiwa na barafu hata nyembamba, ndege hupoteza nguvu ya kupaa. Januari 1982 mjini Washington ndege ya namna hiyo iliangukia daraja na kuzama katika Mto Potomac, wakafa watu 78. Ndiyo maana utaona gari lenye mkono mrefu likiinyunyizia ndege yenu dawa ya kuondoa barafu, iliyopashwa moto, ya rangi ya machungwa, kisha nyingine nzito ya kijani inayoteremka kwenye dirisha lako kama uji. Usiogope. Dawa hiyo hulinda kwa muda mfupi tu, na foleni ya kuruka ikiwa ndefu lazima ndege irudi kunyunyiziwa upya. Hapo saa za kazi za marubani zinaweza kwisha, safari ikafutwa hata kama anga limekwisha kutakata.

Sasa hilo la kuendeshwa usiku kutoka Montreal. Mkwe wako ana matairi ya majira ya baridi? Katika jimbo la Quebec ni lazima kisheria kuanzia tarehe 1 Desemba hadi tarehe 15 Machi, ila gari lake ni la Ontario, jimbo ilimo Ottawa, ambako watu wengi hujitia ujasiri na matairi ya kawaida. Muulize bila haya. Na ukifika usiku wenye tahadhari ya hali ya hewa, laleni Montreal. Kilomita 200 ambazo siku njema ni saa mbili zinaweza kuwa saa sita, na gari likikwama mkae ndani yake, msitoke kutafuta msaada kwa miguu, na kabla ya kuwasha injini ili kupata joto aende kwanza akaondoe theluji kwenye ekzosi. Bomba likiziba, moshi huingia ndani na watu hulala wasiamke. Katika dhoruba ya Krismasi ya mwaka 2022 pale Buffalo, Marekani, baadhi ya waliokufa walikutwa ndani ya magari yao.

Hakuna Haraka (Mbarara)

Mimi naungana na kaka yako. Bibi wa miaka 61 ana shughuli gani na nyuzi 20 chini ya sifuri? Mtoto hatakimbia. Nenda Aprili, utamkuta ameanza kucheka.

Mpagazi wa Kilembe (Kasese)

Nimempandisha mgeni hadi kilele cha Margherita katika Milima ya Rwenzori, mita 5,109, mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, kwa hiyo naomba niseme kwamba theluji si ya Wazungu peke yao. Sisi Bakonzo tunaiita nzururu, na wazee wetu waliiheshimu kabla ya mgeni yeyote kufika. Kwa bahati mbaya inazidi kupungua. Pale baba yangu alipokanyaga barafu, mimi leo nakanyaga mwamba mtupu.

Mwalimu, huko mlimani anayeteswa na baridi kwanza ni yule aliyevaa koti moja zito sana, akatembea, akatoka jasho, kisha akasimama. Jasho likipoa mwilini ni kama umemwagiwa maji ya kisima alfajiri. Vaa nguo tatu nyepesi kwa tabaka: ya ndani isiyo ya pamba, kwa sababu pamba hunywa maji na haikauki, ya kati ya sufu, ya nje ya kuzuia upepo. Glavu zinazoweka vidole vyote chumba kimoja hutia joto kuliko zile za vidole mbalimbali. Simu iweke kifuani, kwa kuwa betri hufa ghafla kwenye baridi hata kama ilikuwa imejaa. Theluji ikiwa laini na yenye maji, utelezi ni mkubwa. Ikiwa kavu, utaisikia ikilia chini ya kiatu kama unga wa muhogo unapoubana mkononi, na hiyo inakanyagika vizuri zaidi. Chukua na miwani ya jua. Najua itakuchekesha, lakini siku ya jua baada ya theluji mwanga hutoka chini na juu, na macho huuma kana kwamba yametiwa mchanga.

Mwalimu Mstaafu (Tororo)

Ahsanteni sana. Ndugu yangu wa Mbarara, nimekusoma na sikukasirika, lakini ninayemfuata si mtoto, ni mama yake. Nilimlea mzazi kila mara katika ukoo wetu, na siku zinazohitaji mtu wa kupika uji, kukanda mgongo na kumshika mtoto ili mama apate usingizi ni zile arobaini za mwanzo. Aprili nitakuwa mgeni wa kutengewa chai.

Mkwe wangu nimempigia. Kwanza alinyamaza, kisha akakiri kwamba hakufikiria habari ya mizigo na viza. Matairi anayo. Kilichobaki ni hospitali, na jambo jingine ambalo naliuliza kwa aibu kidogo: umeme ukikatika na nyumba ikapoa, je, ninaweza kuwasha sigiri ndani kwa muda mfupi, dirisha likiwa wazi? Nilitaka kubeba moja ndogo.

Muuguzi wa Zamu (Gatineau)

Mama, nakaa ng'ambo ya mto kutoka Ottawa, na nimefanya kazi katika wodi ya wazazi hapa kwa miaka kadhaa. Sigiri iache Tororo. Nyumba za huku zimezibwa kila ufa ili joto lisitoke, na hewa ya sumu itokayo kwenye mkaa haina pa kwenda. Haina harufu, haina rangi, na anayeanza kudhurika nayo ni mtoto mchanga. Februari 2021 umeme ulipokatika katika mamilioni ya nyumba jimboni Texas, watu waliingiza majiko ya mkaa ndani na wengine wakawasha magari gereji, na wengi walikimbizwa hospitali kwa sumu hiyo. Dirisha wazi halikuokoi. Mwambie binti yako ahakikishe vifaa vya kupiga king'ora kwa ajili ya hewa hiyo vinafanya kazi, na umeme ukikatika kaeni chumba kimoja chenye mablanketi, kisha mfuate tangazo la manispaa kuhusu mahali palipofunguliwa pa kujihifadhi.

Umeme hukatika zaidi kwa mvua ya barafu kuliko kwa theluji. Mvua huanguka kama kawaida kutoka kwenye hewa yenye joto kidogo, halafu hukutana na ardhi iliyoganda na kugeuka kioo papo hapo, juu ya nyaya, matawi na ngazi za nyumba. Mwezi wa Januari mwaka 1998 eneo hili hili la Ottawa na Montreal lilipigwa na mvua hiyo kwa siku kadhaa, nguzo zikaanguka kama mabua ya mahindi, mamilioni ya watu wakakaa gizani, wengine kwa wiki kadhaa, na serikali ikatuma askari wapatao 16,000 kusaidia. Haiji hivyo kila mwaka, lakini asubuhi ya mvua ya barafu usitoke hata kutupa takataka. Ukilazimika, tembea kama bata: hatua fupi, magoti yamelegea, mikono nje ya mifuko. Sisi hupokea vifundo vya mikono vilivyovunjika kuliko kitu kingine chochote siku hizo.

Kuhusu kujifungua, wenyeji wamezoea. Binti yako apige simu wodini mapema anapoona dalili za kwanza, aeleze na hali ya barabara. Siku ya dhoruba mara nyingi tunamwambia mama aje mapema kuliko kawaida. Gari lisishuke chini ya nusu tangi, sepetu iwe ndani ya nyumba na si ndani ya gari lililofukiwa, na njia ya kutokea isafishwe hata usiku wa manane, kwa sababu gari la manispaa likipita huacha tuta la theluji ngumu mbele ya lango lako. Hali ikiwa mbaya wapige 911. Wahudumu wa gari la wagonjwa wanajua kuzalisha. Uwepo wako wewe ndani ya nyumba usiku huo utamsaidia kuliko unavyodhani, hata kama kazi yako itakuwa kushika taa tu.

Wakala wa Tiketi (Kampala)

Nakubaliana na yote, naongeza moja: usifike tarehe 1. Mtoto wa kwanza anaweza kuja kabla ya tarehe, nayo dhoruba ikikushika utapoteza siku mbili au tatu. Fika kati ya tarehe 18 na 20 Januari.

Mwalimu Mstaafu (Tororo)

Tiketi imebadilishwa. Ni moja, kutoka Entebbe hadi Montreal, naondoka tarehe 17 Januari, na nina saa sita za kungoja Brussels. Mkwe amekwisha kutafuta chumba cha kulala karibu na uwanja wa Montreal ambacho anaweza kukiacha bila kulipa iwapo usiku utakuwa mzuri.

Jana nilikwenda Kampala, soko la Owino, sehemu ya mivumba, yaani mitumba, nikapata koti refu la bluu lenye kofia, kwa bei ambayo muuzaji aliililia kwanza ndipo akaikubali. Nilipotia mkono mfukoni nikakuta glavu moja ya mtoto na karatasi ya nauli ya basi iliyofifia maandishi. Koti hilo limekwisha kuiona theluji kabla yangu. Sitalitia kwenye begi. Nitapanda nalo ndege mkononi, pamoja na dawa zangu za presha, na buti nitazivaa kuanzia Entebbe, wacheke watakaocheka. Ile glavu nimeifua na kuianika.