Naomba ushauri: kukataa viungo vibaya bila kuua vizuri

Wakuu, tovuti yetu ina viungo vingi vya kununuliwa (link za tovuti nyingine zinazoelekeza kwetu), na Google imeshatoa adhabu; onyo liko Search Console, zana ya Google kwa wenye tovuti. Wenye tovuti hizo wameombwa wavifute, wako kimya. Limebaki faili la kukataa viungo (disavow), la kuiambia Google isivihesabu: .txt tupu, usimbaji wa UTF-8, lisizidi MB 2, anwani moja kila mstari, au domain:example.com kukataa tovuti nzima.

Hofu ni hapo kwenye domain: maana ukifagia na viungo halali, unajishusha mwenyewe. Nikatae tovuti nzima, au ukurasa mmoja mmoja? Na ombi la kukaguliwa upya litumwe papo hapo, au lingoje Google ipitie tena kurasa hizo?

Viungo vyetu vya matangazo vina rel="sponsored" (alama ya kiungo kilicholipiwa) tayari, hilo tuliache.