Chupa ya marashi kwenye tamthilia: nimebaki na tatu, ni ipi?

Mwana_wa_Tudor
Asalaam aleykum wanajukwaa. Nahitaji msaada kabla ya Idd. Juzi nilikuwa nimekaa na mama twaangalia tamthilia, mwanamke mmoja akakaa mbele ya kioo akachukua chupa ya marashi. Mama akanishika mkono, akaniambia, "Rudisha hapo." Nikarudisha mara tatu. Asema ile ndiyo chupa aliyokuwa nayo zamani. Nimetafuta mtandaoni mpaka nimebaki na tatu, zote za Guerlain ya Ufaransa: Shalimar, Mitsouko na L'Heure Bleue. Nataka kumnunulia moja. Ipi? Na ninunue hapa Mombasa ama nimwagize binamu yangu aliye Dubai?

BintiKibokoni
Waleykum salaam. Wataka tukuchagulie na hujatupa kitu. Tamthilia gani? Kisa chake ni cha siku hizi ama cha zamani? Kizibo kilikuwa rangi gani? Bajeti yako je? Na picha iko wapi?

MtuWaSeti
Naongezea: jina kwenye chupa lilisomeka? Mimi nafanya kazi ya vifaa vya seti hapa Pwani, kwenye nyumba za Nyali na vichochoro vya Mji wa Kale. Meza ya kioo mara nyingi twaipamba kwa vitu vya kweli, vya waigizaji wenyewe ama vya mwenye nyumba tuliyokodi. Lakini jina hatuliachi wazi. Twalibandika stika, ama twaigeuza chupa iangalie ukuta, kwa sababu mtayarishaji hataki kumtangazia mtu bidhaa yake bure, na huenda mdhamini ni muuza mafuta mwengine. Kwa hivyo soma umbo: mabega ya chupa, kizibo, na kimo chake ukilinganisha na mkono ulioishika. Rangi ya maji usiitegemee kabisa. Marashi yakiwa yamekwisha sisi twatia chai ya rangi, na kwenye taa inang'aa vizuri kuliko marashi yenyewe.

Mwana_wa_Tudor
Samahanini. Ni ya Kituruki, imetiwa sauti za Kiswahili, tuliikuta katikati na jina sikulipata. Maandishi ya chupa hayasomeki. Kizibo ni cha kioo kitupu, hakina rangi, kimekaa kama moyo uliopinduliwa, katikati uwazi. Bajeti ni elfu kumi na tano, naweza kusukuma kidogo.

MamaMarashi
Basi Shalimar itoe. Ile ya 1925 chupa yake ina mguu kama bilauri, na kizibo chake cha buluu kimefunguka kama upepeo. Hata ukiiona kwa nusu sekunde waijua.

Taabu ni hizo mbili zilizobaki. L'Heure Bleue ilitoka 1912, Mitsouko ikatoka 1919, na zote mbili zilitiwa ndani ya chupa ile ile moja, yenye kizibo hicho hicho cha moyo. Tofauti ni karatasi ya jina, nayo ndiyo iliyofunikwa. Hapo hakuna jicho litakalokusaidia, hata la mtu aliyekusanya chupa miaka thelathini. Muulize mama yanukiaje. L'Heure Bleue ni laini, yanukia poda na vanila, kama uso wa bibi harusi. Mitsouko yaanza na pichi lililoiva, halafu yateremka kwenye ubichi wa msitu uliolowa mvua. Hayafanani hata kidogo.

001_Damu
Filamu zingine zakurahisishia, zataja jina kabisa. Ile The Silence of the Lambs ya 1991, yule mfungwa amnusa mpelelezi na kumtajia L'Air du Temps ya Nina Ricci. Chupa yake ndiyo ile ya kizibo cha njiwa wawili. Wengi waliitafuta chupa baada ya kusikia jina, wewe wafanya kinyume.

Mimi nipendacho ni kukamata makosa. Ukiona kisa cha 1985 na kwenye meza kuna chupa ya J'adore, ile yenye pete za dhahabu shingoni, jua wamekosea, yale yametoka 1999. Na bati la buluu la Nivea ni la kuanzia 1925, kabla ya hapo lilikuwa la manjano.

Bi_Rukia_Bondeni
Mwanangu, umefanya vyema kumfikiria mama. Lakini mama wa Mombasa wamnunulia kioo cha Wafaransa cha nini? Mtafutie udi mzuri, haludi ya kupaka nyuma ya masikio, na chetezo kipya. Akitoka kuoga ajifukize, nguo zake zikae na harufu wiki nzima. Hayo ya kupuliza yamalizika kabla hujafika Makupa. Tena yana spiriti, na mtu aenda kusali nayo.

001_Damu
Bi Rukia, kwa heshima, hilo la spiriti wanazuoni wamehitilafiana. Wapo wanaoyaruhusu.

Bi_Rukia_Bondeni
Wapo, nami sikukataza. Nimesema yangu nipakayo mimi. Kunukia ni kwa mafuta.

BintiKibokoni
Jamani, hilo tumuulize sheikh, si hapa. Mwana_wa_Tudor, mama alikuwa nayo lini hiyo chupa, na aliipata wapi? Hapo ndipo jibu lilipo.

Kijana_wa_Likoni
Kabla hajajibu nataka kumwonya, maana mimi nimeungua. Mwaka jana mke wangu aliona chupa kwenye filamu, kubwa, ya kupendeza, akasema siku moja na mimi niwe nayo. Nikaizunguka Mombasa kwa wiki mbili. Nikaikuta dukani, ndani ya kabati la kioo, kubwa kama chupa ya soda ya lita, na bei ni nusu ya ile ndogo. Muuzaji akaniambia ni "mzigo wa ofa". Nikatoa pesa nilizokuwa nimeziweka za karo, nikajiambia nitazirudisha mwisho wa mwezi.

Nyumbani mke wangu alifurahi mpaka akawaita dada zake. Kizibo hakitoki. Kimegandishwa. Nikakizungusha kwa leso yenye maji moto, kikatoka. Tukanusa: hakuna kitu. Akamimina kidogo kiganjani. Maji ya rangi! Kiganja chake kikabaki cha manjano, na dada zake wamesimama pale wanatuangalia. Nikaigeuza chupa, chini kumeandikwa kwa herufi ndogo "factice". Kumbe hizo ni chupa za maonyesho za madirishani, hazitiwi marashi tangu kiwandani. Zenyewe si bandia, ila si za kujipaka. Nilirudi dukani asubuhi yake, yule bwana akaniambia aliniuzia chupa, hakusema marashi. Pesa sikurudishiwa mpaka leo.

Kwa hivyo igeuze chupa kabla hujatoa hata shilingi. Nambari ya toleo iliyo chini ya chupa ilingane na iliyo kwenye boksi. Na usikubali kununua bila kunusa.

MtuWaSeti
Pole sana ndugu yangu. Hizo kwetu sisi ni dhahabu, mkono wa mwigizaji huonekana mdogo na chupa hujaza picha. Bado unayo? Naweza kuikodi kwa siku tatu, nina kazi mwezi ujao.

Kijana_wa_Likoni
Ninayo. Mke wangu hataki hata kuiona, iko juu ya kabati. Nitumie ujumbe.

Mwana_wa_Tudor
Asanteni, na samahani kwa kuchelewa. Marehemu baba alikuwa baharia. Mama asema alimletea chupa hiyo kutoka Marseille mwaka 1974, mwaka niliozaliwa mimi. Mama hakuwa akijipaka mwilini, alikuwa akitia tone moja kwenye leso ya kutokea, akaikunja na vikuba, vile vishada vya maua ya kunukia. Nimemuuliza yalinukia poda ama pichi. Akafikiri sana, akaniambia yalinukia baba yako akirudi.

MamaMarashi
Subhanallah. Sasa umenipa kazi ngumu. Nikukumbushe jambo: hata tukijua ni ipi, ya leo si ile ya 1974 sawasawa. Mitsouko hasa. Harufu yake ilisimama juu ya kile kijani kinachoota kwenye magome ya mialoni, nacho kimebanwa Ulaya kwa sababu chawasha watu wengine ngozi, ikabidi waibadilishe. Bado ni nzuri, lakini pua iliyokaa na ile ya kwanza itajua. Mimi ningemwambia binamu aende kwenye duka kubwa Dubai, apulize zote mbili kwenye vipande vya kitambaa, akifunge kila kimoja kwenye mfuko wake, akuletee. Mama anuse, ndipo mnunue.

001_Damu
Kitambaa kikifika Mombasa kimebaki na mwisho wa harufu tu, pichi lote limeshakwenda. Mtafutie chupa ndogo za kuonjesha.

BintiKibokoni
Mimi naona anunue Mitsouko amalize. Baharia wa 1974 hakwenda dukani kutafuta poda.

MamaMarashi
Hayo ni mapenzi yako kwa Mitsouko, si ushahidi.

Mwana_wa_Tudor
Leo mama amefungua kasha. Chupa hanayo tena, ilivunjika tulipohama Majengo, lakini kizibo amekihifadhi ndani ya soksi ya baba. Ni kile kile, moyo uliopinduliwa, na ukingo mmoja umemeguka. Tumekinusa sote wawili. Chanukia kafuri ya kasha. Binamu atarudi Alhamisi ijayo, nitamwambia atafute za kuonjesha.

Bi_Rukia_Bondeni
Mwenyezi Mungu amrehemu baba. Mama ametaja vikuba, basi akinusa hayo ya Dubai awe na leso yenye kikuba mkononi, la sivyo haitakuwa harufu ile. Kuna anayejua siku hizi nani auza asumini nzuri? Yule wa karibu na Marikiti niliyemzoea simwoni tangu Ramadhani.

BintiKibokoni
Bi Rukia, pita Kibokoni baada ya Alasiri, kuna mama hukaa barazani na sinia. Wahi, humaliza kabla ya Magharibi.