Mguu mmoja kuwa mrefu baada ya kubadilishiwa nyonga: je, niinue kiatu sasa?

MwalimuMstaafu (muuliza swali)

Habari za wakati huu, ndugu zangu. Mimi ni mwanamke wa miaka 63, na wiki 11 zilizopita nilibadilishiwa nyonga ya kushoto, baada ya kuteseka kwa miaka saba kwa sababu ya kusagika kwa kiungo hicho. Maumivu ya zamani, yale yaliyokuwa yakiniamsha saa nane za usiku, yamekwisha, na kwa hilo ninamshukuru Mungu. Hata hivyo, tangu siku ya kwanza niliposimamishwa kwa magongo nilihisi kwamba mguu wa kushoto umekuwa mrefu kuliko wa kulia, na hisia hiyo haijaniacha. Nikitembea ninajiona kama mtu ambaye mguu mmoja anaukanyagia ukingoni mwa barabara na mwingine mtaroni. Goti la kushoto ninalipinda bila kukusudia, na ikifika jioni kiuno kinaniuma upande wa kulia.

Binti yangu alinilaza chali akanipima kwa utepe wa fundi cherehani, kutoka kitovuni hadi kwenye kifundo cha ndani cha kila mguu, na tofauti ikawa sentimita 2 kamili. Nilipomweleza daktari aliyenipasua, alisema kwamba nitazoea, kisha akaita mgonjwa mwingine. Kabla ya upasuaji nilielezwa habari za damu, usaha na kiungo kuchomoka, lakini habari za urefu wa miguu sikuzisikia hata kidogo.

Fundi viatu wa mtaani kwetu nimeshampelekea jozi moja ili aongeze soli ya sentimita 2 kwenye kiatu cha kulia. Ninaomba kujua kwa wale waliopitia jambo hili au wanaolifahamu kitaalamu: je, ninafanya sawa kuinua kiatu sasa, na je, hali hii ndiyo itakayobaki maisha yangu yote?

MzeeWaBakora

Pole sana, mwalimu. Mimi nilibadilishiwa nyonga ya kulia miaka minne iliyopita, na ulichokieleza ninakijua mwilini mwangu, si kwa kusimuliwa. Nilifanya hilo hilo unalotaka kufanya. Wiki ya sita nilikwenda kwa fundi, nikaongezewa soli, na kwa muda wa mwezi mmoja nilijiona nimepata dawa. Kufika mwezi wa tano nikaanza kuyumba upande wa pili, kwa kuwa misuli ilikuwa imelegea na nyonga imerudi mahali pake, ilhali kiatu kilibaki kile kile. Nilipopimwa upya ilionekana kwamba tofauti ya kweli ni milimita 12 tu, na leo ninatembea na kisoli cha ndani cha milimita 6. Nusu ya tofauti inanitosha. Nikiijaza yote mgongo unakataa.

Jambo jingine ni bakora. Ukiacha magongo, ishike kwa mkono wa kulia, yaani upande ulio kinyume na nyonga iliyopasuliwa. Watu wengi huishika upande ule ule wa ugonjwa, wakazidi kuchechemea, halafu wakadhani kwamba ni mguu mrefu unaowachechemesha.

MtaalamuWaMazoezi

Shikamoo, mwalimu. Mimi ni mfiziotherapia na wagonjwa wa nyonga ndio ninaoshinda nao. Ninakuomba usikichukue kile kiatu kwanza, na sababu zangu nitazieleza kwa kirefu kidogo.

Kipimo cha kitovuni si kibaya, ila kinajibu swali tofauti na lile unalouliza. Kitovu hakikufungwa kwenye mguu. Fupanyonga, yaani mfupa mpana wa kiunoni unaobeba nyonga zote mbili, likiinama upande mmoja, mguu wa upande huo utaonekana umerefuka ingawa mifupa yake haikuongezeka hata milimita moja. Ili kujua urefu wa mguu wenyewe, mpimaji huanzia kwenye ncha ya mfupa wa nyonga inayojitokeza mbele, karibu na pale mshipi unapokaa, akashuka hadi kifundo cha ndani, miguu yote miwili ikiwa imewekwa katika mkao mmoja. Vipimo hivyo viwili vikitofautiana sana, ile ziada inatoka katika fupanyonga na misuli, wala si katika kiungo bandia. Kosa la milimita chache kwa utepe ni la kawaida, kwa hiyo pima mara tatu. Picha ya eksirei ya fupanyonga nayo husaidia: huchorwa mstari unaopita chini ya mifupa miwili ya kukalia, kisha hupimwa umbali kutoka mstari huo hadi kwenye kinundu kidogo cha mfupa wa paja, kulia na kushoto.

Sasa, kwa nini fupanyonga liiname? Fikiria miaka hiyo saba. Gegedu, yaani ule utando laini unaofunika ncha za mifupa kiungoni, iliisha, kichwa cha mfupa kikapanda, mguu ukafupika kidogo kidogo, na misuli inayoizunguka nyonga ikajikunja ikafuata ufupi huo. Daktari anapoweka kiungo kipya anarudisha urefu uliopotea, na wakati mwingine anauzidisha kidogo kwa makusudi, kwa sababu nyonga iliyolegea huchomoka kwa urahisi. Mgonjwa anaamka na misuli iliyovutwa kama kamba ya kitanda. Misuli ya upande wa nje ikikaza, hulivuta fupanyonga likainama upande uliopasuliwa, na mguu ukahisiwa mrefu kupita ulivyo. Urefu wa namna hii, ambao sisi tunauita wa kiutendaji, kwa wagonjwa wengi hupungua kati ya mwezi wa tatu na wa sita, mradi misuli inanyooshwa. Ukiinua kiatu cha kulia mapema, unaizoesha misuli kubaki imejikunja. Huo ndio ubaya wake.

Tofauti ya kweli iliyo chini ya sentimita 1 watu wengi huivumilia bila kifaa chochote. Hata wasiowahi kupasuliwa, wengi wao miguu yao hailingani kwa milimita kadhaa na hawajui.

Mazoezi ninayowapa wenye hali kama yako ni haya, lakini mwoneshe kwanza mtaalamu wako ili ahakikishe kwamba yanafaa kwa aina ya upasuaji uliofanyiwa. Lala chali kitandani, uvute goti la kulia kuelekea kifuani huku mguu wa kushoto ukiwa umenyooka na nyuma ya goti ikigusa godoro. Hesabu hadi 30, pumzika, rudia. Hilo huivuta misuli ya mbele ya nyonga iliyopasuliwa. Kisha simama ukiwa umeshika meza nzito, magoti yote yamenyooka, uivute nyonga ya kushoto juu kana kwamba unataka kisigino kiache sakafu bila kupinda goti, halafu uishushe polepole; fanya mara 10, asubuhi, mchana na jioni. Tatu, ukiwa umesimama vile vile, peleka mguu wa kushoto pembeni bila kuinamisha kiwiliwili. Misuli ya pembeni ya nyonga ikiwa dhaifu mtu hupepesuka kila anapokanyaga, na mpepesuko huo hufanana mno na ule wa mguu usiolingana.

Kuhusu kulipinda goti la kushoto, ninakusihi uache. Ninajua kwamba unalipinda ili kusawazisha, lakini kwa kufanya hivyo nyonga inabaki imekunjwa kutwa nzima, na mazoezi ya asubuhi yanaharibiwa kabla ya adhuhuri.

Yapo mambo ambayo hayafai kusubiriwa. Mguu ukifupika ghafla na kugeuka kwa maumivu makali, huenda kiungo kimechomoka. Unyayo ukianza kuburuzika kwa kushindwa kuinuka, huenda neva, yaani mshipa wa fahamu, imeumia, na mguu uliorefushwa sana una hatari zaidi ya jambo hilo. Homa, jeraha linalotoa maji, au kigimbi kilichovimba na kuuma, vyote hivyo ni vya kwenda hospitali siku hiyo hiyo. Na kama baada ya mwaka au zaidi mguu uliokuwa sawa unaanza kufupika taratibu, kiungo huenda kimelegea au kimezama ndani ya mfupa, na picha mpya inahitajika.

KijanaWaSeliMundu

Shikamoo, mwalimu. Mimi nina miaka 29, na nyonga yangu iliharibika kwa sababu ya seli mundu iliyokata damu kwenye kichwa cha mfupa. Nilitembea na mguu mfupi tangu nikiwa sekondari. Nilipobadilishiwa nyonga nililalamika miezi mitatu kwamba nimerefushwa, hadi mama akachoka kunisikiliza. Eksirei ilionesha miguu inalingana. Ni ubongo wangu uliokuwa umezoea kuegemea upande mmoja, na ulipowekwa sawa ukaona umepindishwa. Sisemi kwamba na wewe ni hivyo, ila huenda sehemu ya hizo sentimita mbili ni ya namna hiyo.

MwalimuMstaafu

Marahaba, wanangu, nami ninawashukuru wote. Binti yangu amenipima tena kama alivyoelekezwa, mara tatu, kutoka kwenye mfupa wa nyonga. Amepata milimita 6, milimita 9 na milimita 7. Kutoka kitovuni bado ni sentimita 2. Kwa hiyo, nikielewa vyema, mguu wenyewe umezidi kwa chini ya sentimita 1, na iliyobaki ni nyonga iliyoinama.

Nimefanya na jaribio jingine la kiualimu. Nimesimama wima magoti yakiwa yamenyooka, binti akaniwekea daftari chini ya unyayo wa kulia, moja baada ya jingine, akaniambia niseme nitakapohisi nimelingana. Nilisema baada ya madaftari yenye unene wa sentimita moja na nusu. Je, jaribio hili lina maana yoyote? Pia ninauliza kuhusu nyumbani, kwa sababu sisi viatu tunavivulia mlangoni, na kusema kweli saa nyingi za siku ninazipitisha miguu mitupu jikoni na sebuleni. Kiatu kilichoinuliwa kitanisaidia nini wakati kiko barazani?

MtaalamuWaMazoezi

Lina maana kubwa, na kliniki tunalifanya kwa vibao vyenye unene unaojulikana. Linapima unachohisi, si mfupa. Lirudie kila baada ya wiki mbili kwa madaftari yale yale na uandike tarehe. Madaftari yakipungua, mazoezi yanafanya kazi. Yasipopungua hadi mwezi wa sita, hapo ndipo mazungumzo ya kiatu yatakapoanza.

FundiVifaaSaidizi

Swali la viatu vya mlangoni ni zuri kuliko mwalimu anavyodhani, na kwa mazingira yetu ndilo linaloharibu kazi nyingi. Mimi natengeneza vifaa saidizi vya miguu, na wagonjwa kadhaa wamenirudia wakisema kwamba kiatu hakiwasaidii, kumbe wanakivaa saa mbili tu kwa siku, wakienda sokoni au ibadani.

Ikiwa mwishoni itathibitika kwamba unahitaji kuinuliwa, tenga jozi ya kandambili au viatu vya wazi vya ndani, visivyowahi kukanyaga nje, na ule wa kulia uongezewe kiasi kile kile cha kiatu cha kutokea. Chagua vyenye mkanda wa nyuma, kwa sababu kandambili linalochomoka ni hatari kwa mtu wa nyonga bandia kwenye sakafu ya marumaru.

Kuhusu kipimo, hadi sentimita 1 hukaa ndani ya kiatu kama kisoli, na kiatu kiwe cha kufunga kwa kamba, la sivyo kisigino kitakuwa kinatoka. Zaidi ya hapo soli huongezwa kwa nje, na iongezwe urefu wote wa unyayo, si kisiginoni peke yake, maana kisigino kikiinuliwa sana vidole vinabeba mzigo usio wao. Mbele inolewe ipande kidogo ili mguu ubingirike wakati wa kupiga hatua. Mwambie fundi wako atumie ule mpira mwepesi unaotengenezewa malapa, wala si tairi. Soli ya tairi inadumu, lakini ni nzito, na jioni paja litakulaumu. Uanze na milimita 4 au 5, ukae nazo wiki kadhaa, kisha uongeze kama mwili unadai. Sijawahi kuona mtu aliyejutia kuanza na kidogo.

Walio kaskazini mwa Tanzania wanaweza pia kuulizia Moshi, kwenye hospitali ya KCMC, ambako wataalamu wa vifaa hivi wamekuwa wakifundishwa kwa miongo mingi.

MzeeWaBakora

Niongeze la kwangu dogo. Mwalimu, usiketi kwenye kigoda wala kwenye mbuzi ya nazi. Kupinda nyonga kupita pembe mraba wengi wetu tulikatazwa kwa wiki 6 hadi 12 za mwanzo, na kigoda kinakupindisha zaidi ya hapo. Mimi hadi leo naswali juu ya kiti, na choo cha kuchuchumaa nilikiwekea kiti chenye tundu.

MwalimuMstaafu

Nimerudi kuwapa habari, kwa kuwa mwanafunzi asiyerudisha daftari huwa nalalamika juu yake. Leo ni wiki ya 23. Nazi anakuna binti. Mtaalamu wa mazoezi niliyempata alinikuta na misuli ya pembeni iliyokaza sana, akanisahihisha zoezi la kuvuta goti kwa sababu nilikuwa ninainua kiuno. Kutoka kitovuni tofauti imeshuka hadi milimita 9, na madaftari yamebaki mawili membamba. Daktari amekubali kuisoma eksirei upya mbele yangu: tofauti ya kweli ni milimita 7. Safari hii alikaa, akachora mstari, akaniambia kwamba aliukaza mguu ili usichomoke. Angeniambia hivyo mwanzoni, nisingekesha usiku nikidhani kwamba nimeharibiwa.

Kiuno bado kinauma siku nikisimama muda mrefu, hasa msibani, na kwa siku kama hizo ninatia kisoli cha milimita 4 ndani ya raba. Ndani ya nyumba ninatembea bila kitu. Ile jozi ya soli ya sentimita 2 bado iko kwa fundi. Nimemlipa kazi yake, ameitundika ukutani, na kila nikipita ananiuliza nitaichukua lini.