Mawakala wa safari wa Kampala: mnatuuzia bahari ya Chwaka, tukifika haipo!

Wandugu, naandika nikiwa na risiti mkononi. Anayetafuta lugha laini apite uzi mwingine.

Kuna kampuni moja ya safari hapa Kampala, jina nalihifadhi kwa sasa maana madai yetu bado yako mezani kwao. Miezi mingi imekuwa ikitembeza kwenye WhatsApp picha za Ghuba ya Chwaka, upande wa mashariki wa Unguja. Maji ya kijani na buluu, hakuna wimbi, watoto wamevaa maboya wanacheka. Chini yake imeandikwa: "Bahari tulivu, salama kwa familia, kuogelea kila asubuhi." Kikundi chetu cha akiba, wengi watu wa Bombo na wachache wa Wandegeya, tukachanga mwaka mzima. Kuna mama aliyeuza mbuzi wake ili awapeleke wajukuu wakaone bahari. Mbuzi, wandugu.

Ratiba tuliyopewa ilikuwa hivi: saa tatu asubuhi mpaka saa sita, kuogelea na kupanda ngalawa kwenda kwenye mikoko. Saa saba chakula. Saa tisa basi linaondoka kwenda mjini kutembea Mji Mkongwe na kula Forodhani. Kesho yake, vilevile. Keshokutwa, vilevile.

Asubuhi ya kwanza tumeshuka ufukweni na taulo mabegani. Maji hayapo. Sisemi yamepungua, nasema hayapo. Mchanga na tope na majani ya bahari mpaka jicho linapokoma, na huko mbali kabisa kamstari cheupe ndiko bahari iliko. Ngalawa tulizoahidiwa zimelala ubavu juu ya mchanga. Mzee mmoja wetu, mtu aliyefanya kazi Jinja maisha yake yote, akauliza kwa sauti nani kafunga bwawa. Watu walicheka, lakini mimi simcheki. Ukizaliwa kando ya ziwa letu la Viktoria, unachojua ni kwamba maji yakishuka kuna mtu kagusa milango ya Nalubaale, bwawa la umeme pale Jinja, au mvua zimekataa. Ziwa lilipanda mwaka 2020 likameza fukwe za Entebbe, likakaa huko miezi. Halishuki asubuhi likajaa jioni. Mtoto wa Ggaba au Kalangala atajulia wapi habari za bamvua? Ndiyo maana tunamlipa wakala. Kama kazi yake ni kunikatia tiketi tu, hiyo hata mimi naiweza kwenye simu.

Kwa mlio mbali na pwani, mambo yenyewe ni haya, na nimeelezwa na wavuvi wa pale bure, bila kianzio wala risiti. Bahari ile hujaa mara mbili na kukupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa zake huchelewa kwa kama dakika hamsini. Mwezi ukiwa mwandamo au mpevu, siku zile na siku moja mbili zinazofuata, ni bamvua: maji hujaa sana na hukupwa sana, tofauti ya juu na chini inapita mita tatu. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, hayaendi mbali. Sasa Chwaka ni ghuba pana na chini yake ni tambarare, kwa hiyo mita tatu za maji zikitoka, ardhi inayobaki wazi ni kubwa mno. Wataalamu waliopima wanasema ghuba ina karibu kilomita za mraba 50 maji yakijaa bamvua, na karibu 20 tu yakikupwa. Zaidi ya nusu ya bahari niliyouziwa huwa inaondoka!

Na hapa ndipo hasira yangu ilipo. Siku za bamvua pwani ile maji hukupwa kwenye saa nne asubuhi na hujaa kwenye saa kumi jioni. Hivyo ndivyo ilivyo kila mwezi, mvuvi anaangalia mbinguni anakwambia. Sisi tulipelekwa mwezi mpevu. Soma tena ratiba yetu. Saa tatu mpaka saa sita tuko ufukweni kutazama tope. Saa tisa, bahari ndiyo inaingia nzuri, safi, tulivu kama kwenye bango lao, tunapakiwa kwenye basi! Tumekaa dirishani tunaiona ile picha ya WhatsApp kwa macho yetu, inabaki nyuma. Watoto walilia. Nilimwomba kijana wa kampuni abadilishe: asubuhi twende mjini, jioni turudi tuogelee. Akasema basi limeshalipiwa kwa saa zile, na bahari ni ya Mungu, si yake.

Ni ya Mungu, ndiyo. Lakini Mungu huyo kaipa saa, na watu wamezichapa kwenye jedwali la mwaka mzima. Mabaharia wanalo, wenye hoteli wanalo, simu yako inalo. Aliyekosa kulifungua ni mtu aliyeshika pesa zetu.

Hayo ni ya pesa. Kuna la hatari, na hili silisamehi.

Asubuhi ya pili kijana huyohuyo, ambaye nina hakika bahari aliiona siku moja na sisi, akawaambia watu: "Tembeeni tu mbele, maji yako pale." Watu wakaenda, watoto mbele, akina mama na viatu mkononi. Yeye kabaki kivulini na simu yake. Mwendo ukawa mrefu, jua kali, watu wanaokota viti vya pweza, wale viumbe wa baharini wenye umbo la nyota, wapige navyo picha (kijana ndiye aliyewafundisha, ati inapendeza). Wanapita katikati ya mashamba ya mwani, wanakanyaga kamba na kung'oa vijiti vya watu. Hakuna aliyewaambia kuwa lile ni shamba. Kilimo kile kinalisha nyumba nyingi za pwani ya mashariki, na wakulima wake wengi ni wanawake, wanafanya kazi saa zilezile maji yakiwa yamekupwa. Fikiria basi la wageni liingie kwenye shamba lako la mihogo Luweero, lipite katikati, halafu likuombe upige picha.

Maji yaliporudi hayakuja kwa mbele kama tulivyodhani. Pale kuna mikondo, vijito virefu ndani ya mchanga ambavyo ukienda huvioni, unavivuka umelowa kisigino tu. Hivyo ndivyo vinavyojaa kwanza, na vinajaa nyuma yako. Wewe bado umesimama pakavu, unafurahi, kumbe njia ya kurudi imeshakatika. Mkulima mmoja wa mwani ndiye aliyepiga kelele: "Nyie! Warudisheni hao watoto, maji yaja!" Akaacha kapu lake, akatuongoza kwa kuzunguka mahali anapopajua yeye. Tulipovuka mkondo wa mwisho watu wazima maji yalikuwa ya magotini, watoto kiunoni, na yanavuta. Bibi wa mbuzi alibebwa mgongoni. Yule mama wa mwani, ambaye kamba zake tulikuwa tumezivuruga, alituambia tu "poleni wanangu, mngeuliza", akarudi kuokoa kapu. Kijana wetu alikuwa bado kivulini. Aliuliza kama picha zimetoka vizuri.

Banange!

Kadi ya njano sitaiongelea sana. Kampuni haikusema, tukaambiwa Entebbe siku ya safari, waliokuwa hawana wakahangaika. Mtu anayepeleka Waganda Tanzania kila mwezi anajua kadi ya homa ya manjano inaulizwa. Basi.

Nataka ieleweke kwamba sina neno na Chwaka. Samaki wa sokoni pale, ukarimu wa watu, kima punju wa msitu wa Jozani njiani, vyote ni vya haki. Hata tope lenyewe lina raha yake ukiwa na mwenyeji: utaona kaa, kombe, pweza anavyotafutwa kwenye matundu. Kwa hiyo wakala mwenye akili angeuza vyote viwili. Mnaotaka kuogelea asubuhi, nawapeleka siku za maji mafu, mwezi nusu, maana hapo asubuhi ndiyo maji yamejaa. Mnaotaka kutembea nchi kavu ya baharini, twende bamvua, tumlipe mwenyeji wa kijijini atutangulie, saa kumi tuogelee. Na asiyetaka hesabu yote hii apelekwe kaskazini, Kendwa au Nungwi, ambako maji hayakimbii mbali hivyo. Maneno hayo yanaenea kwenye karatasi moja. Wao wamechagua kuchapa nembo yao kubwa.

NYONGEZA, maana naona maswali ni yaleyale:

Mnaosema "si mngeuliza kwanza": tuliuliza. Mweka hazina wetu aliandika kwenye kundi, kabla hata ya kianzio, saa za kuogelea ni zipi. Jibu la kampuni ninalo kwenye picha ya skrini: "Saa zote mama, bahari haina geti." Nitaipandisha hapa leo jioni.

Anayesema tungebaki na fukwe zetu za Entebbe, ndugu yangu, wewe nenda kaogelee na kichocho chako kwa amani.

Anayesema hoteli ndiyo yenye kosa: mtu wa mapokezi alitushangaa. Alisema vikundi vya kutoka Kampala hufika na ratiba hiyohiyo, na kila wakiwaandikia wakala saa za maji hawajibiwi. Kwa hiyo hawajasahau. Hawajali.

Kampuni imetoa ofa ya punguzo kwenye safari ijayo. Safari ijayo! Tunachodai ni nusu ya pesa kwa kila mtu, na fidia ya kamba na vijiti vya yule mama ipelekwe kijijini kwake, si kwetu. Barua inaenda kwa Bodi ya Utalii ya Uganda, ambao ndio wanaotoa leseni, na nakala kwa kampuni yenyewe.

Mliolipa kianzio cha Desemba: fungueni kalenda ya mwezi usiku huu. Ukikuta mwezi mpevu au mwandamo uko ndani ya tarehe zenu, na ratiba inasema kuogelea saa tatu mpaka saa sita, msimalizie deni mpaka waigeuze kwa maandishi. Na yeyote aliyeshapelekwa Chwaka kwa ratiba kama yetu aniandikie inbox na risiti yake, tuongeze majina kabla barua haijaondoka Jumatatu.